Ruhusa ya Kurudi Lhotka

Žitava, Saksonia
14 Novemba 1647

Kaka yangu mpendwa Zikmund,

Pokea salamu kutoka chumba hiki chenye moshi. Hujambo wewe? Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa kila upepo wa kaskazini ukivuma? Sisi hatujambo, kadiri watu wanaoishi kwa watu wanavyoweza kuwa hawajambo. Rozina ameota magego mawili kwa mpigo na mimi nimesahau usingizi ni kitu gani. Nakuandikia yuko mgongoni ananivuta nywele. Ukiona mstari umepanda juu, ndiye.

Nimefurahi umepata kazi ya kunakili kwa huyo mjumbe wa mkutano wa amani. Marehemu baba angesema, mwisho Kilatini chake kimemlisha. Mimi elimu yangu ni ya kusoma Biblia na kuandika barua, basi nivumilie nikuulize kitoto: hao wakubwa wanafanya nini huko miaka yote hii? Vita vilianza mimi sijazaliwa. Sasa nina watoto wawili na bado vipo.

Unajua ninachotaka. Sitaki nyumba ya baba waliyompa Mkatoliki, wala bustani, wala kengele ya kanisa letu. Nataka Justina.

Nilipokimbia Lhotka, wiki ile tuliyosikia mume wangu Vavřinec ameuawa akiendesha magari ya farasi ya Waswidi, Justina alikuwa na surua, macho hayafunguki. Alikuwa na miaka mitatu, na huyu Rozina tumboni. Mama mkwe akaniambia, “Ukimpitisha kwenye baridi ya mlima utamzika njiani. Mwache apone, nitamtuma na Havel.” Nikamwacha. Hajapona vizuri, ikapita amri kwamba mtoto wa mtu aliyekimbia dini ya Kaisari ni wa nchi, havuki mpaka. Miaka miwili na nusu sasa. Havel mchuuzi wa kitani huniletea habari zake kila anapopita: amepoteza jino, anaogopa bata. Mimi mama yake nasikia kwa mchuuzi kwamba anaogopa bata.

Nijibu hili moja tu. Katika huo mkataba mnaoandika, kuna mstari wowote wa watu kama mimi?

Mdogo wako,
Voršila


Osnabrück
9 Desemba 1647

Mdogo wangu Voršila,

Amani kwako na kwa huyo mvuta nywele. Kifua ni kilekile, maana mvua ya hapa haina siku ya kupumzika. Chakula kipo. Upweke upo zaidi.

Umeuliza wakubwa wanafanya nini. Wiki iliyopita bwana wangu alitaka kumtembelea mjumbe mwenzake. Kabla hajatoka nilitumwa kuuliza: mwenyeji atashuka ngazi ngapi kumpokea? Wakajibu tatu. Bwana wangu akafoka, “Tatu? Yule wa jana si alifuatwa mpaka uani!” Nikarudi. Wakasema nne. Nikarudi tena. Mwenyeji alipoona hana njia akaingia kitandani, akawa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hashuki ngazi hata moja na heshima ya mtu haivunjiki. Wakazungumza habari za vita saa mbili nzima, mgonjwa kajifunika mpaka kidevuni, na buti zake zimetokeza upande wa pili.

Ndiyo sababu mkutano mmoja una miji miwili. Waswidi wako hapa, Wafaransa wako Münster, maana hakuna anayekubali kuketi chini ya mwenzake. Sisi wanakili tunakimbiza karatasi katikati kama mbwa wa mchungaji.

Cheka, kisha sikiliza. Chini ya upuuzi huu kuna jambo jipya. Zamani waliuliza nani ana haki mbele ya Mungu. Sasa wamechoka, wanauliza nani ni bwana wa wapi. Kila mtawala awe bwana ndani ya mipaka yake na jirani asichungulie dirishani. Kwa Wajerumani wamechagua mwaka mmoja, 1624. Kanisa lililokuwa la Walutheri mwaka ule libaki la Walutheri, la Wakatoliki libaki la Wakatoliki, na ugomvi ufungwe. Lakini kwa nchi zilizo zake mwenyewe, na yetu ni mojawapo, Kaisari amekataa. Anasema huko ni nyumbani kwake.

Waswidi ndio wanaotusemea sisi wakimbizi. Kila rasimu wanatuingiza, kila rasimu watu wa Kaisari wanatutoa. Mimi mwenyewe nimetuandika mara nne na kutufuta mara tatu. Kwa sasa tumo.

Usimtume mtu kumwiba mtoto. Usivuke. Subiri mstari.

Kaka yako,
Zikmund


Žitava
20 Februari 1648

Kaka Zikmund,

Salamu nyingi. Sisi tuna kikohozi sote wawili, lakini kinaondoka. Nakuombea wewe kipate kukusahau.

Kaka, sina muda wa kusubiri tena. Havel alipita juzi. Nilimpa supu ya mbaazi, akaishika tu bakuli. Nikamwambia, “Havel, wewe hujawahi kuachia supu ipoe. Sema.”

Akasema. Unaikumbuka desturi ya kusimamisha yatima? Baada ya Krismasi, watoto wote wasio na wazazi katika ardhi ya bwana wa Lhotka wanapangwa uani kwake, msimamizi anawapitia mmoja mmoja kama mtu anayechagua ndama, na kuwaandika: huyu atachunga bata bukini, huyu atasokota, huyu jikoni. Mwaka huu walikuwa kumi na mmoja, na Justina alikuwa wa mwisho kwenye mstari, kafungwa kilemba cha bibi yake.

Mama mkwe alipaza sauti, “Huyu ana bibi! Ana mama pia!” Msimamizi akamuuliza, “Yuko wapi huyo mama? Mwite basi, tumwone.” Watu wakacheka. Akaandikwa. Akitimiza miaka saba, yaani Februari ijayo, anahamia nyumba ya bwana, na akishaingia hatoki mpaka awe mkubwa.

Mtoto wangu ameandikwa yatima, na mimi nipo hapa napuliza supu.

Mwenye nyumba wangu, Bi Gertraud, ambaye hana ubaya ila mdomo, aliniambia, “Ninyi Wacheki kila mwaka mnafunga mizigo kwamba mwakani mtarudi. Mizigo yenu imeota ukungu.” Nikamjibu, “Heri mzigo wenye ukungu kuliko kukosa pa kuupeleka.” Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kaka, huo mstari bado upo? Niambie upo.

Mdogo wako,
Voršila


Osnabrück
30 Mei 1648

Voršila, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Mpe Rozina kitu cha kuchezea. Mimi mzima, afya yangu leo ni ya kijana wa miaka kumi na minane, na sababu ni hii:

Upo!

Sikuandika miezi yote hii kwa sababu sikutaka kukuambia leo ndiyo na kesho siyo. Lakini jana jioni walitoka chumbani, wa Kaisari na wa Uswidi, wakanipa karatasi ninakili safi. Nakuwekea hapa maneno yenyewe kwa lugha yetu:

“Raia wote wa nchi za Kaisari waliotoka kwa sababu ya vita watasamehewa nafsi zao, uhai wao na heshima yao, nao wataweza kurudi kwa usalama katika nchi yao ya zamani.”

Soma tena. Kwa usalama. Katika nchi yao ya zamani. Mashamba hayatarudishwa, lakini uliniambia hutaki shamba. Nilipoandika neno “kurudi” wino ulinimwagika, nikaharibu karatasi, bwana wangu akanitukana: “Bwege wewe, unadhani karatasi inaota shambani?” Nikasema, “Ndiyo, bwana.” Hata sikusikia aliuliza nini.

Posta ya Leipzig inaondoka sasa hivi, farasi wameshafungwa. Waambie wote walioko Žitava. Msomee hata Bi Gertraud.

Kaka yako mwenye furaha,
Zikmund


Osnabrück
12 Juni 1648

Voršila,

Salamu. Natumai barua hii imekukuta. Natumai imekukuta hapohapo Žitava, umekaa, hujafanya lolote.

Usiondoke.

Karatasi niliyonakili ilikuwa nusu. Sikujua. Wenyewe hawakuwa wamemaliza, walipumzika kula tu. Mimi nikaona nukta nikadhani ni mwisho, na nilivyokuwa na kiu ya kukuambia sikuuliza. Kazi yangu ni kunakili, na sikuuliza! Leo wamenirudishia ileile, na baada ya “nchi yao ya zamani” imeongezwa hivi:

“lakini wakisharudi, watalazimika kutii sheria za nchi hizo.”

Unazijua sheria za nchi hizo. Dini ni moja, ya Kaisari. Kukiri dhambi kwa padri kila Pasaka na kupewa cheti. Kwenye meza ya Bwana, mkate bila kikombe, maana kikombe ni cha padri peke yake. Ruhusa ya kurudi ipo, ila anayerudi awe mtu mwingine.

Nilimwendea karani wa Waswidi, tunayefahamiana. Nikamwambia, “Mlituahidi. Tumewalishia farasi, shemeji yangu amefia magari yenu.” Akanitazama kwa huruma kweli, akasema, “Zikmund, sisi tunataka bandari za kaskazini na mishahara ya askari wetu. Kaisari anataka asiingiliwe nyumbani kwake. Kila mmoja amepata. Ninyi mlikuwa kitu cha kubadilishana.” Hakusema kwa ubaya. Alinikaribisha bia.

Nisamehe. Usiondoke. Nijibu upesi kwamba hujaondoka.

Kaka yako,
Zikmund


Žitava
18 Juni 1648

Kaka yangu, kaka yangu,

Mungu akulipe! Barua yako ya Mei ilifika wiki iliyopita. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea mchungaji wetu. Mzee wa watu akavua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jumapili aliisoma kanisani, na akina mama waliimba mpaka Wajerumani wakaja mlangoni kuuliza kama kuna moto.

Sisi wazima. Rozina amepona kabisa, anakimbia.

Wenzangu wanasema wangoje mihuri ipigwe. Nimewaambia wao wangoje, mimi nina mtoto anayetimiza saba Februari. Ikianza mvua ya vuli njia ya mlimani itakuwa tope, na kwa mguu wa Rozina ni siku nne. Nimemaliza kusokota kitani cha watu, nimerudisha gurudumu la kusokotea, nimefagia chumba. Bi Gertraud kanipa mkate mweusi mzima na kipande cha nyama ya moshi. Kasema, “Sasa nitamtukana nani?” Halafu kageuka akajifanya anatafuta ufunguo.

Barua yako nimeishona ndani ya gauni, upande wa moyo. Wakinisimamisha nitawaonyesha. Hata ikilowa, mistari ile naijua kwa kichwa: kwa usalama, katika nchi yao ya zamani.

Tunaondoka Jumatatu. Nikishamshika mkono nitakuandikia.

Mdogo wako,
Voršila


Osnabrück
10 Agosti 1648

Mpendwa Voršila,

Sijui niiandike barua hii niipeleke wapi. Bi Gertraud amenirudishia ile ya Juni haijafunguliwa, na amemwomba mtu aandike nyuma: “Ameshakwenda. Hajarudi.” Naituma hii, na ile ya Juni ndani yake, kwa Havel kupitia kwa wafanyabiashara wa Žitava. Uko salama? Rozina je? Umemwona?

Nasikia Waswidi wameingia Praha wakateka upande mmoja wa mto. Wenzetu wanasherehekea, wanasema sasa Kaisari atalegea. Usiamini. Tarehe sita mwezi huu mkataba mzima ulisomwa hapa kwa sauti, neno kwa neno, tangu asubuhi hadi alasiri, watu wamejaa mpaka barabarani. Ulipofika mstari wenu nilimtazama kila mjumbe usoni. Hakuna aliyekohoa. Mmoja alikuwa anasafisha kucha. Walipomaliza wakapeana mikono, wa Kaisari na wa Uswidi, na watu wakalia kwa furaha. Nami nililia, wakadhani ni furaha.

Wanaouana huko Praha sasa wanauana kwa jambo lililokwisha.

Nakala tatu za mstari ule ni za mkono wangu. Kama mtu akikuonyesha, utautambua mwandiko.

Niandikie hata neno moja.

Kaka yako,
Zikmund


Lhotka
11 Septemba 1648

Kaka Zikmund,

Salamu kutoka nyumbani. Nimelitazama neno hilo baada ya kuliandika, lakini acha likae.

Tu wazima wa mwili. Barua yako Havel aliileta ndani ya mtumba wa kitani. Usijilaumu. Hata ungeniandikia sentensi nzima sijui kama ningebaki. Nakuambia hivyo ulale, na pia kwa sababu ni kweli.

Mpakani nilimwonyesha afisa karatasi yako. Akaigeuza huku na huku, akauliza, “Muhuri uko wapi?” Nikasema unakuja. Akacheka, si vibaya, akasema, “Mama, ingia. Nani kakuzuia? Bwana wa Lhotka ana mashamba yameota miiba, mikono haipo. Karibu nyumbani.” Akainua kizuizi. Nikapita nikifikiri, kumbe ilikuwa rahisi hivi, nilikuwa nimekaa Žitava miaka mitatu nafanya nini?

Msimamizi alinipokea uani. Nikamwambia nimekuja kumchukua binti yangu. Akasema, “Umefanya vyema. Utaketi nyumba ya mama mkwe wako, utafanya siku tatu za wiki shambani kwa bwana.” Nikamwambia, “Hapana, bwana, nimekuja kumchukua. Kuna mkataba.” Akasema, “Huo mkataba nimeusikia. Huko nje wamekubaliana kwamba humu ndani ni kwetu. Basi humu ndani sheria ni hii: Mkatoliki anakaa. Asiye Mkatoliki anatoka, lakini watoto hawatoki.” Nikasema huyu Rozina kazaliwa Saksonia. Akasema, “Baba yake alikuwa mtu wa nani? Wa bwana huyu. Basi naye wa bwana huyu.”

Kaka, nilikwenda kuchukua mmoja, nikawapelekea wawili.

Nimepewa hadi siku ya Mtakatifu Mikaeli kutia saini kwamba nimekuwa Mkatoliki. Kila Jumatano nakwenda kwa paroko kufundishwa. Si mtu mkali. Ni mzee, anasinzia. Juzi aliniambia, “Binti, mkate ni mwili, na mwilini damu imo. Kikombe cha nini tena?” Nikamwambia, “Padri, kama imo, kwa nini wewe unakinywa?” Akafumbua macho, akasema, “Haya, hilo tutalirudia wiki ijayo.”

Hujaniuliza habari za Justina kwa sababu unaogopa, nakujua. Amerefuka. Ana kidevu cha baba. Nilipofika alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikapiga magoti nikamwita. Akasimama akaenda nyuma ya bibi yake, akauliza, “Huyu ni nani?” Mama mkwe akasema, “Ni mama yako.” Akasema, “Mama yangu alikufa na surua.” Kumbe ndivyo alivyojieleza mwenyewe, maskini. Aliumwa, akafumba macho, alipofumbua mama hayupo. Surua ilimpata mmoja na kumuua mwingine.

Zimebaki siku kumi na nane. Nikikataa, nitatolewa peke yangu mpaka kizuizini. Nikikubali, mambo yote baba aliyoyapoteza, na Vavřinec kufa, vyote nimevitupa zizini kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuulizi nifanye nini. Nakueleza tu, ili kuwe na mtu anayejua kwamba nilijua.

Mdogo wako,
Voršila


Osnabrück
27 Oktoba 1648

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa mzima, na mizinga bado inalia masikioni. Juzi Jumamosi walitia saini huko Münster, nami nilimfuata bwana wangu huko. Walizungushiana karatasi za saini siku nzima, wa Kaisari na Wafaransa huku, wa Kaisari na Waswidi kule, na jioni mizinga ya ukutani ikapigwa mara tatu. Miaka thelathini imekwisha. Watu wasiofahamiana walibusiana barabarani. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake juu akamwambia, “Sikiliza, hii ndiyo mizinga ya mwisho!” Nikakimbia nikajifungia chumbani.

Sijui siku ya Mikaeli ilikupita vipi. Nimekuandikia barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilisema, shikilia, baba alifukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga asikiache kikombe. Nilipofika mwisho nikaona mwandishi wake hana mtoto. Ya pili ilisema, saini. Nikaona inaandikwa na mtu asiyetakiwa kusaini chochote, anayenakili tu. Ya tatu ilikuwa maombi matupu.

Hii ni ya nne. Bwana wangu anasema sasa dunia itaendeshwa kwa wajumbe na karatasi badala ya mikuki, na kila mwenye nchi atamheshimu mwenzake. Huenda ni kweli, na huenda watoto wa yule mwanamke watakuwa wazee bila kusikia mzinga. Lakini nilitaka kumuuliza: na aliye ndani ya nchi ya mwenzake, anaheshimiwa na nani? Sikumuuliza. Nilikuwa nachonga kalamu yake.

Kama umesaini, wewe ni mdogo wangu. Kama hukusaini na umetolewa, njoo, nitakodi chumba, nitaacha kazi hii nifundishe watoto kusoma. Vyovyote vile niandikie. Wewe ndiye uliyebaki kwetu.

Kaka yako,
Zikmund


Lhotka
19 Aprili 1649

Kaka Zikmund,

Salamu. Najua miezi imepita. Barua yako ya Oktoba niliipata, nikaisoma, nikaichoma, maana sasa nyumba yangu huingiwa bila hodi. Hii ya leo Havel ameniambia ndiyo ya mwisho atakayobeba. Walimpekua mtumba Januari, na ana watoto. Nawe usiandike tena. Barua kutoka kwa mtu wa kikombe ikikamatwa kwangu, watasema sikugeuka kweli, na tutaanza upya. Paroko aliniuliza, “Una ndugu?” Nikasema alikufa vitani. Nisamehe. Nilikutafutia kifo kizuri, nikasema uliangushwa na farasi.

Nilisaini siku ya Mikaeli. Niliweka jina langu lote, kwa mwandiko ulionifundisha wewe. Nilipokea mkate peke yake. Padri alipokinywa kikombe nilitazama sakafu, nikahesabu matofali.

Sikusaini bure, maana wao nao wametimiza. Februari ilipofika Justina hakuhamishwa. Msimamizi alifungua kitabu cha yatima mbele yangu akalipiga jina lake mstari. “Haya,” akasema, “huyu ana mama.” Pasaka hii nimepata cheti changu cha kwanza cha kukiri, nimekibandika ukutani karibu na mlango wanavyotaka. Siku tatu nalima kwa bwana, tatu kwetu. Rozina amenenepa. Ameanza kuimba nyimbo za humu, hajui nyingine.

Justina ananiheshimu. Nikimwita anakuja. Nikimchana nywele anatulia. Ananiita shangazi.

Nilidhani ni muda tu. Nikangoja majira yote ya baridi, nikajaribu kila namna. Nilimsimulia alivyozaliwa wakati wa theluji, wimbo niliomwimbia, kovu la gotini lilivyopatikana. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza mgeni. Juma lililopita tulikuwa bustanini tunapanda kabichi, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, “Justina, kwa nini huamini kwamba mimi ni mama yako?”

Akapangusa udongo mikononi kwanza. Ana akili, kaka, ungempenda. Akasema, “Bibi aliniambia kwa siri nikiwa mdogo, nisimwambie mtu. Mama yangu alikuwa anakunywa kikombe. Walimwambia aache, akakataa. Alikwenda mbali kwa sababu alikataa, akafa na surua huko. Wewe hunywi, shangazi. Nimekuona kanisani. Wewe hukukataa.”

Nilichukua mche mwingine nikaupanda. Ningemwambia nini? Nimwambie niliacha kwa ajili yako, aubebe mzigo huo mtoto wa miaka saba? Au nimwambie mama yake ni kweli alikataa, akafa, ili awe na mama wa kujivunia? Nilimwambia, “Alikuwa mwanamke wa aina gani?” Akasema, “Hodari.” Nikamwambia, “Ndiyo. Hata mimi nilimfahamu.”

Tangu siku hiyo ananipenda zaidi. Ananiuliza mambo ya mama yake, nami namweleza yote, hakuna ninalodanganya. Paroko amewafundisha watoto kuwaombea waliokufa nje ya kanisa, huenda Mungu akawapunguzia moto. Basi kila jioni kabla ya chakula anapiga magoti penye benchi, anamwombea mama yake Voršila kwa jina, na ananivuta sketi nipige magoti naye. Nami napiga. Akimaliza ananitazama, kwa kuwa sala ya mtoto peke yake haihesabiki imekwisha, lazima mtu mzima aitikie.

Naitikia amina, kaka.

Mdogo wako,
Voršila